Utepe wa Nyufani

Nchi ya Imarani haipo. Nalisema hili mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari. Nimeitafuta kwenye ramani ya ofisini, ile yenye doa la chai upande wa kusini, sikuiona, na bosi wangu amenisainia karatasi kwamba sikuiona. Kwa hiyo, msomaji, ukikuta humu jengo linalofanana na la kwenu, au waziri anayekohoa kama wa kwenu kabla ya kuanza kudanganya, kosa ni la kwenu mnaoiga nchi isiyokuwepo.

Mimi ni karani daraja la tatu katika Ofisi ya Taifa ya Salamu na Itifaki. Kazi yangu ni kutunza Orodha. Katika Imarani hakuna shughuli inayoanza mpaka kila mheshimiwa awe amesalimiwa kwa jina lake, cheo chake, na vyeo alivyokuwa navyo kabla hajavuliwa. Akirukwa mmoja, salamu zinarudi mwanzo. Nasikia nchi jirani msemaji husimama, akasema "itifaki imezingatiwa", kisha akaingia kwenye hotuba yake moja kwa moja. Sisi tunauona huo ni uhuni.

Jambo la pili la kujua kuhusu Imarani ni kwamba ardhi yake haitikisiki. Imeandikwa kwenye katiba, ibara ya tisa, kati ya rangi za bendera na ndege wa taifa. Neno "tetemeko" lilifutwa kwenye kamusi za shule kwa wino mweusi, kamusi baada ya kamusi. Vikombe vikigongana kabatini, mwananchi mwema husema, "Lori limepita," na maisha yanaendelea. Hata Nyufani, mji ulioko juu kabisa milimani, ambako barabara haijafika na mizigo hupanda kwa punda, watu walisema lori limepita. Bibi mmoja wa huko aliwahi kuniambia kwamba tangu azaliwe amepitiwa na malori zaidi ya mia nne, na anatamani kabla hajafa alione hata moja.

Wataalamu walijaribu kueleza Bungeni kwamba mitikisiko hupimwa kwa namba, na kwamba Nyufani inaweza kupata ya sita au hata ya saba. Wabunge walijadili kwa siku mbili, wakapiga kura isizidi nne. Tangu hapo majengo yote yalichorwa kwa ajili ya nne. Ikitokea ikaja ya sita, nne huandikwa yetu na mbili zinazobaki hupelekwa nchi jirani pamoja na barua ya malalamiko.

Hata methali ilirekebishwa. Wazee walikuwa wakisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wizara iliona msemo huo unatia hofu, ikatoa mpya: usipouona ufa, hutajenga ukuta. Mpya huu ulibandikwa kwenye kuta zote za serikali, na mara nyingi ulibandikwa juu ya ufa wenyewe.

*

Sasa tuje Nyufani. Mji huu una shule ya msingi yenye wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, na kwa miaka mingi walisomea kwenye vibanda vya mbao na mabati. Serikali ikawahurumia, ikawajengea ghorofa tatu. Mkandarasi alikuwa Bwana Dihenga, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye uhusiano wake na Waziri wa Uimara sitautaja, ila wamenyonya ziwa moja.

Jengo lilipendeza sana. Rangi ya samawati juu, krimu chini. Sakafu ya chini yote iliachwa wazi iwe ukumbi, kwa sababu Waziri alipoonyeshwa mchoro aliuliza meza kuu itakaa wapi, na kuta mbili zilizokuwa zimebeba kila kitu zikaondolewa siku hiyohiyo. Ghorofa tatu zikabaki zimesimama juu ya nguzo nyembamba kumi na mbili.

Aliyetumwa kulikagua alikuwa Mhandisi Zuhena Kipande, mzaliwa wa Nyufani hapohapo. Lazima nieleze ukaguzi wetu unavyofanyika, maana wageni huuelewa vibaya. Mkaguzi hukaribishwa chini ya turubai, hupewa pilau, na hulitazama jengo akiwa ameketi. Kama jengo halijaanguka mpaka anafika kwenye ndizi, anasaini. Ni utaratibu mzuri, unampa mkaguzi muda wa kutosha, hasa kama nyama ni ngumu.

Zuhena alisimama. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili, alitoa nyundo kwenye mkoba. Alibandua lipu kwenye nguzo moja, akachokoa zege, na zege likamtoka mkononi kama kashata iliyokosa sukari. Akatoa futi kamba na kupima, huku sahani yake ikiingia nzi.

"Bwana Dihenga," aliita. "Ringi ziko wapi?"

Hapa nimsaidie asiyejua ujenzi. Ndani ya nguzo kuna nondo ndefu zilizosimama, na nondo hizo hukumbatiwa na vyuma vidogo vya kuzunguka ambavyo mafundi huviita ringi. Ringi ndizo huifanya nguzo isipasuke na kumwaga matumbo yake ardhi inapo... yaani lori linapopita. Mchoro ulisema ringi moja kila sentimita kumi na tano.

"Zimo," alijibu Dihenga.

"Naona moja hapa gotini. Nyingine iko kule karibu na dari."

"Si ndizo hizo? Umeziona mwenyewe."

"Zinatakiwa ishirini kila nguzo."

"Nyingine zinakuja."

"Zinakuja wapi, bwana, na zege limeshamwagwa?"

Dihenga alicheka kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgeni asiyejua kula kwa mkono. "Mhandisi, mbona unachokonoa jengo la watu? Kaa ule. Pilau inapoa."

Ringi zenyewe niliziona baadaye, nilipopita nyumbani kwake palepale Nyufani kupeleka mwaliko. Alikuwa amejenga banda la kuku ambalo lina vyuma kila pembe, vimefungwa kwa ufundi wa hali ya juu. Nilitikisa mlango wake kwa mikono miwili, haukusogea. Nilifurahi kuona kuku wa nchi yangu wanalala salama.

Zuhena aliandika ripoti ya sentensi mbili: "Jengo hili litaanguka likitikiswa. Watoto wasiingie." Ilirudi na wino mwekundu wa Waziri: "Tumia lugha chanya." Akaandika upya: "Jengo hili lina hamu kubwa ya kurudi ardhini." Ikarudi tena: "Afadhali. Ondoa neno ardhini." Akaipeleka mara ya tatu ikiwa vilevile kama mara ya kwanza, herufi kwa herufi, na wiki hiyo akahamishwa. Walimtoa Ukaguzi wakamleta kwetu Salamu, awe msoma Orodha siku ya uzinduzi wa jengo lilelile, ili ajifunze adabu. Nafasi ilikuwa wazi, kwa kuwa msomaji wetu wa siku zote alikuwa amepoteza sauti kwenye uzinduzi wa kalavati.

*

Alikaa mbele ya meza yangu siku tatu nzima akiuliza maswali. Sijawahi kuona mtumishi mwenye bidii namna ile.

"Mzee wangu," alisema, "kuna anayeruhusiwa kukatiza salamu?"

"Hakuna. Ukikatiza umewatukana wote ambao hawajafikiwa."

"Hata Waziri?"

"Waziri ndiye wa mwisho wa kukatiza, mwanangu. Nyuma yake kuna wakwe zake."

"Na utepe? Una muda wake?"

Nikamfungulia kanuni. Utepe haukatwi baada ya saa kumi na mbili jioni. Shughuli ikichelewa, inarudishwa kwenye Kalenda ya Taifa, na Kalenda ilikuwa imejaa kwa miaka miwili ijayo.

"Miaka miwili," alirudia taratibu. "Na mtu anaingiaje kwenye Orodha?"

"Kwa fomu yenye muhuri wa karani."

"Karani yupi?"

"Mimi hapa."

Akatabasamu. Kesho yake akaja na fomu, na kesho kutwa na nyingine, zimejaa mfuko wa sandarusi. Mwenyekiti wa kamati ya bomba lililokauka. Katibu msaidizi mstaafu wa wafuga nyuki wa tarafa. Mshindi wa pili wa ujumbe wa mtaa, ambaye alishindana peke yake. Niligonga muhuri zote kwa moyo mweupe, maana karani mzuri hamnyimi mtu heshima yake. Orodha ilitoka majina sitini na manne ikafika mia saba na kitu.

*

Siku ya uzinduzi ilipambazuka nzuri. Wiki nzima malori yalikuwa yamepita kwa wingi, madogo madogo, hasa alfajiri, na mji wote ulikuwa unasema lori, lori, lori, watu wakitazamana pembeni. Lakini asubuhi hiyo palikuwa shwari. Maturubai yalifungwa uwanjani kuelekea jengo, kwa sababu ukumbi ulikuwa haujazinduliwa na meza kuu haiwezi kukaa mahali pasipozinduliwa. Utepe mwekundu ulifungwa kwenye vigingi viwili mbele ya mlango.

Ratiba ilikuwa hivi. Salamu zikiisha, Waziri anakata utepe. Utepe ukikatika tu, watoto wote mia tatu na kumi na wawili wanaingia wakikimbia na kuimba, wanapanda ghorofa zote tatu, na kila dirisha linatoa bendera. Kisha wanaruka ruka juu kule kuonyesha furaha. Kipengele cha kuruka kilikuwa wazo la Bwana Dihenga.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwatima Sengo, alikuwa mwanamke wa umri, mrefu, mwenye chaki kwenye kucha hata siku ya sherehe. Alimfundisha Zuhena darasa la nne. Alimvuta kando karibu na mimi, na mimi nikajifanya napanga karatasi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe ndiye ulilipima. Niambie unavyoweza kumwambia mama yako. Niwaingize?"

Zuhena alinitazama. Mtumishi wa umma asiye mkaguzi haruhusiwi kusema jengo la umma ni bovu, adhabu yake ni miaka mitatu, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

"Mwalimu, mimi leo ni msoma salamu tu," alisema. "Nitasoma taratibu. Lakini ukiona nimemaliza kabla ya saa kumi na mbili, waambie watoto wote waende msalani."

"Wote mia tatu? Vyoo vyenyewe vinane."

"Ndiyo maana, mwalimu."

Mwalimu Mwatima alirudi kwa watoto wake akawapanga upya, mbali kidogo na jengo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilimsikia akinong'ona, akimtazama Zuhena anavyopanda jukwaani.

*

Saa nane kamili mchana alianza.

"Mheshimiwa Balozi Dakta Msafiri Tamba, Waziri wa Uimara wa Majengo, Utulivu wa Ardhi na Mambo Mengine Yasiyotikisika, aliyewahi kuwa Waziri wa Bandari tulipotaka kuwa na bandari, aliyewahi kuwa Naibu wa aliyemtangulia..."

Waziri alifumba macho akasikiliza. Kila aliyetajwa alisimama, akainama, akapigiwa makofi matatu, akakaa, na mke wake naye akainuliwa. Saa tisa tulikuwa bado wizarani. Saa tisa na nusu tukaingia mkoani. Saa kumi Zuhena alianza na wafuga nyuki, na mzee mmoja ambaye hajawahi kutajwa popote tangu abatizwe alisimama akalia machozi ya kweli mbele za watu.

Msaidizi wa Waziri, kijana mwenye suti ya kung'aa, alinijia akiwa ameinama.

"Mwambie afupishe."

"Afupishe kwa nani, mheshimiwa? Anayefuata ni baba mkwe wako."

Akaenda kukaa.

Saa kumi na nusu chupa za soda ziligongana mezani. "Lori," walisema wageni wote kwa pamoja, kama watu wanaoitikia dua. Mstari mwembamba ulitoka kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, ukateremka polepole mpaka juu ya mlango, na kipande cha lipu kikadondoka karibu na utepe.

"Rangi inakauka," alieleza Bwana Dihenga.

Zuhena alikiangalia kile kipande, akageuza ukurasa. Sasa alianza kuwasalimia walioomba udhuru. Alipowamaliza akaanza waheshimiwa marehemu, na kwa marehemu kanuni inataka kila mmoja asimamiwe dakika moja kimya. Waziri alianza kuguna, lakini wa tatu alikuwa baba yake mzazi. Tulisimama, tukakaa, tukasimama. Jua lilianza kushuka upande wa vibanda vya mabati. Watoto walikuwa wamechoka, wengine wamelala juu ya bendera zao, na Mwalimu Mwatima alikuwa akitembea kati yao bila kukaa hata mara moja.

Saa kumi na moja na nusu, karatasi zikaisha.

Niliziona zikiisha, maana nilikuwa nimekaa nyuma yake. Alibakiwa na jina moja, la mlinzi wa banda la mabati, akalisoma kwa herufi ndefu mpaka likamkatikia mdomoni. Sauti ilikuwa imeshamkauka. Waziri alinyanyuka, akachukua mkasi kwenye kisahani, akaujaribu hewani. Msaidizi alipuliza filimbi, na watoto wakaanza kuamka wakijipanga wenyewe kwa kukimbia kabla mwalimu hajasema neno, kwa kuwa walikuwa wameahidiwa biskuti huko juu.

Niliuona mkono wa Zuhena ukipekua karatasi zilizokwisha kusomwa. Na sijui kwa nini, mimi niliyesema lori maisha yangu yote, sikusema lori.

Nilisimama.

"Samahani," nilisema. "Kuna aliyerukwa."

Waziri aligeuka na mkasi wake. "Nani?"

"Mimi, mheshimiwa. Karani daraja la tatu. Jina langu lipo ukurasa wa pili, halikusomwa." Na kweli halikusomwa. Sijawahi kusomwa miaka ishirini na sita, na siku zote nilikuwa nasamehe. "Haki ni haki, mheshimiwa. Kanuni inasema tunarudi mwanzo."

Msaidizi aliniita mpumbavu. Bwana Dihenga aliniita majina ambayo hayamo kwenye Orodha yoyote. Lakini mia saba waliokwisha kusalimiwa walishaonja, wakaona hapa wanasalimiwa mara ya pili, wakaanza kupiga makofi na kusema, "Kanuni! Kanuni!" Mzee wa nyuki alipiga kwa nguvu kuliko wote. Zuhena aligeuka akanitazama, kisha akaweka kipaza sauti mdomoni.

"Mheshimiwa Balozi Dakta Msafiri Tamba," alianza kwa sauti ya kukwaruza, "Waziri wa Uimara wa Majengo, Utulivu wa Ardhi..."

Waziri alikuwa amefura kwa hasira. Lakini aliposikia cheo cha tatu uso ulimlainika, na alipofika kwenye bandari alikuwa ameshakaa.

*

Ilikuja saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Kwanza mbwa, kisha mngurumo kutoka chini ya miguu, kisha uwanja wote ukapanda na kushuka. Maturubai yalilala upande. Niliona nguzo za ukumbi zikipasuka gotini, mahali palepale alipopiga nyundo, nondo zikatanuka nje kama mbavu, na ghorofa zote tatu zikakaa chini moja juu ya nyingine. Haikuchukua muda wa kumsalimia hata diwani. Vumbi likaja juu yetu, jeupe, kisha kimya.

"Lori!" ilisikika sauti ya Waziri kutoka chini ya meza kuu.

Hakuna aliyeitikia. Wote tulikuwa tunamtazama Mwalimu Mwatima, ambaye alikuwa akipita kwenye vumbi anagusa vichwa. Alihesabu kwa sauti, kila kichwa na namba yake, hakuharakisha. Alifika mia tatu na kumi na wawili. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Alipomaliza mara ya pili alikaa chini kwenye majani na gauni lake la sherehe, akajifunika uso. Zuhena alikwenda akakaa ubavuni pake. Mimi nililia, na nimeandika hivyo kwenye kumbukumbu rasmi za siku hiyo.

Vigingi viwili vilikuwa bado vimesimama, na utepe ukiwa mzima kabisa mbele ya kifusi. Nyumba za mbao za mji zilicheza zikasimama. Banda la Bwana Dihenga halikupoteza hata yai.

Waziri alitoka chini ya meza akiwa na mkasi. Akatazama saa, zilikuwa zimebaki dakika saba, na mazoea ni mazoea, akaanza kuufuata utepe. Msaidizi wake akamshika mkono.

"Mheshimiwa, ukiukata, jengo limezinduliwa na limeanguka. Usipoukata, halijawahi kuwepo."

Waziri alifikiri kidogo, akautia mkasi mfukoni.

*

Tamko la serikali lilitoka kesho yake. Hakuna jengo lililoanguka Nyufani, kwa sababu hapakuwa na jengo lililozinduliwa. Ilipita ya sita nukta mbili, ambayo nne ni ya kisheria, na iliyobaki imerejeshwa kwa jirani. Wizara ilijipongeza kwa kubuni mbinu ya kuwaokoa watoto kwa njia ya salamu, na ikatangaza kwamba kuanzia sasa kila jengo la Imarani litalindwa kwa salamu. Ilihitaji mtu wa kuandika Orodha ya Taifa ya Majengo. Mtu pekee mwenye uzoefu alikuwa Zuhena Kipande.

Alikuja mezani kwangu na mfuko wake wa sandarusi. Fomu zilikuwa nyingi kuliko mara ya kwanza. Nilisoma ya juu: Mheshimiwa Nondo wa Milimita Kumi na Sita. Ya pili: Mzee Msingi, mwenye kina cha mita moja na nusu. Bi Lenta, mkanda wa zege azungukaye nyumba nzima bila kukatika. Kisha Ndugu Ringi wa Kwanza, Ndugu Ringi wa Pili, Ndugu Ringi wa Tatu, kila nguzo ndugu ishirini, na makazi ya kila mmoja yameandikwa kwa sentimita.

"Mzee wangu, utagonga?"

Mara hii niligonga nikijua ninachogonga. Mkono uliuma hadi jioni.

Shule mpya ya Nyufani ilikuwa ya sakafu moja, na mkandarasi, bila kumshangaza mtu, alikuwa Bwana Dihenga. Siku ya kumwaga zege alisimama juani mbele ya mji mzima na Orodha mkononi, maana kanuni inataka mkandarasi mwenyewe amsalimie kila mheshimiwa kwa jina, amguse kwa mkono, kabla zege halijamfunika. Alianza vizuri. Alipofika nguzo ya nne aliita, "Ndugu Ringi wa Saba," akapapasa, hakuna kitu.

"Ameomba udhuru," alisema.

"Mwanzo!" walipiga kelele watu wa Nyufani. Mzee wa nyuki alikuwa amekuja na kigoda chake.

Akarudi mwanzo. Jua lilipokuwa utosini alijaribu kusema "itifaki imezingatiwa", akazomewa mpaka akakaa. Siku ya pili akaita Ndugu Ringi wa Saba tena, wala hajaja. Siku ya tatu alikuja na mkokoteni wenye vyuma vilivyokuwa na manyoya ya kuku, na mafundi wakaanza kuvikunja upya. Kuku wake siku hizi wanazurura mjini, na mmoja amezoea kutaga ofisini kwa mwalimu mkuu. Salamu zilikamilika siku ya tano, na zege likamwagwa jioni bila hotuba.

Mwezi uliopita nilitumwa huko kukagua kama Orodha inatunzwa. Nilikuwa nimekaa nyuma katika darasa la nne, Mwalimu Mwatima yuko ubaoni na sehemu za hesabu, ilipokuja. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Madawati yalitembea, ramani ikaanguka ukutani, na watoto wakaingia chini ya meza kama walivyofundishwa. Niliinua macho kwenye nguzo na kwenye lenta, nikiwataja ndugu wale mmoja mmoja moyoni. Walikuwepo wote. Ikapungua, ikatulia, na vumbi la chaki likabaki hewani.

Mwalimu Mwatima aliokota chaki yake. "Mmeona? Lori limep..."

"Mwalimu," msichana mmoja aitwaye Sikujua alitoa kichwa chini ya dawati, "hilo si lori. Ni tetemeko."

Darasa lote lilinigeukia mimi, mtu wa serikali. Mwalimu Mwatima naye alinitazama.

"Ndiyo, Sikujua," alisema mwisho. "Ni tetemeko. Na limepita. Haya, tokeni mjipange, niwahesabu."

Nilitoa fomu yangu ya taarifa. Kuna sehemu imeandikwa "Chanzo cha mtikisiko", na jibu lake limeshachapwa kiwandani: Lori. Nilikata mstari juu yake, nikaandika neno lile lingine kwa wino, herufi zote, nikasaini. Bosi wangu bado hajanisainia.